Ndugu Haitwi kwa Karatasi

Nyumbani
11 Januari

Mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hapa ni wazima, ila mama goti linamsumbua, naye anatusumbua sisi. Shemeji yako bado anaendesha lori la maji na bado anakoroma kama lori lenyewe. Wifi hajambo? Mwambie zile nguo za watoto alizoniagiza nimezimaliza, natafuta mtu wa kumpa azilete kwenu.

Hongera tena. Picha yako ya gazetini tumeibandika ukutani karibu na saa. Mama haoni vizuri siku hizi, lakini kila mgeni anashikwa mkono, anapelekwa mpaka hapo na kuambiwa, "Huyu ndiye wangu." Mimi niliona jambo moja tu: aliyekushonea hilo joho, bega la kushoto limemshinda. Jaji mzima unaonekana umeegemea ukuta ambao haupo. Ungeniambia ningekushonea.

Nilikupigia simu. Ilipokelewa na katibu wako, akauliza mimi ni nani na ni kuhusu nini. Nikamwambia ni kuhusu kumbeba bosi wake mgongoni miaka miwili. Akasema ujumbe utakufikia. Kwa hiyo naandika.

Sasa jambo lililonikalisha hapa. Safu yetu ya vibanda vya mafundi cherehani inataka kuvunjwa. Halmashauri imempa Mwenye Pampu kiwanja chote mpaka barabarani, apanue kituo chake cha mafuta, magari yapate pa kugeuzia. Tumekwenda mahakamani na tumepata wakili, binti mmoja mwenye sauti ndogo asiyetishika. Anasema hati hatuna. Tunacho kitu kimoja tu: siku ile wewe, ukiwa bado diwani wetu, ulipopanda juu ya kigoda ukasema, "Baraza limepitisha. Hapa ni penu. Kila fundi achimbie nguzo yake." Ya kwanza uliichimbia mwenyewe, na viatu vyako vya kung'aa.

Wakili anasema diwani akitamka hivyo kwa jina la halmashauri, watu wakajenga na kukaa miaka yote hii, halmashauri haiwezi leo kujifanya haikuwapo. Sisi tukisema ulisema, watadai tumetunga kwa sababu ya njaa zetu. Ukisema wewe, nani atabisha? Njoo useme, mdogo wangu. Ni asubuhi moja tu, na jioni utalala kwa mama.

Ni mimi dada yako.


2 Februari

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeipokea kwa mikono miwili na nimeisoma mara mbili. Nilipofika kwenye bega la joho nilicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Mpe mama pole ya goti. Kuna dawa ya kuchua hapa inasifiwa sana, nitamtumia. Wifi yako hajambo, anahangaika na mapazia ya nyumba hii ya serikali yenye madirisha mengi kuliko watu.

Unajua, dada, wenzangu hapa wakizungumzia vyuo walivyosoma mimi hucheka moyoni. Haki niliisomea kwenye meza yako ya pasi. Zile Jumamosi nilipokaa kibandani kwako, watu wameketi juu ya majora ya vitambaa, huyu analalamikia ukuta, yule analalamikia mbuzi, na wewe unapiga pasi huku ukinikonyeza nani anadanganya. Mimi sikuhitaji chuo kingine.

Kuhusu suala lile, nimeliweka moyoni. Ila nielewe. Mimi bado ni kaimu. Kuna kamati inayopima kila hatua yangu kabla sijathibitishwa, na wapo wasiopenda kuona mwanasiasa akivaa joho. Nakuomba jambo moja tu: wakili wenu asiniletee hati ya wito. Wito ukitua mezani kwangu utasemwa jengo zima, kwamba jaji ameburutwa. Nikija mwenyewe kwa hiari yangu, kwangu ni heshima na kwenu ni nguvu.

Tena tangu lini ndugu akaitwa kwa karatasi? Baba aliniita kwa mluzi tu nikaja mbio. Wewe umeniita, inatosha.

Mdogo wako.


20 Februari

Mdogo wangu,

Dawa imefika. Mama ameipaka, anasema inanuka kama ofisi, lakini analala nayo. Shemeji yako lori limeharibika gia, kwa hiyo sasa tunamwona mchana, jambo ambalo sote hatujalizoea.

Barua yako imeniondolea mzigo. Siku ile ile niliwakusanya wenzangu kibandani. Wakili alikuwa anataka kuchukua wito wako mara moja. Alisema shahidi mkubwa haachiwi hiari yake, huo ndio utaratibu, hata angekuwa baba yake mzazi. Mzee Vifungo, unamkumbuka, yule wa kona anayedarizi matundu ya vifungo na kuwasema watu, akamuunga mkono. Alisema, "Mtu akishapanda ngazi, huku chini huwa hasikii vizuri."

Nilisimama, mdogo wangu. Nilikasirika na nilisimama. Nikawaambia nyie mnamwona jaji, mimi namwona mtoto niliyemfuta makamasi. Ndugu yangu haitwi kwa karatasi. Akisema anakuja, anakuja. Wakakubali kwamba neno la kukuita liwe kwangu. Hata wakili alikubali, ingawa alikaza midomo. Orodha ya mashahidi inafungwa Ijumaa ya mwisho ya Machi. Baada ya hapo haongezwi mtu.

Kuna swali moja. Karani wa zamani wa baraza amemwambia wakili hakumbuki jambo letu kuletwa mezani hata siku moja. Je, baraza lilipitisha kweli, au ulisema tu kwa kuwa uchaguzi ulikuwa mlangoni? Sikuulizi kwa ubaya. Wakili anasema hata kama halikupitisha, kwetu haidhuru, maadamu ulilitamka ukiwa diwani na sisi tukalifuata. Anachotaka ni ajue mapema ili asishtukizwe mbele ya hakimu.

Niambie siku ya kufika nikutandikie.

Dada yako.


19 Machi

Dada mpendwa,

Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na kikao nje ya kituo, safari, hoteli, mafaili, na chakula cha kuliwa kwa kisu na uma hata pale mkono ungetosha. Goti la mama linaendeleaje? Naona ni vizuri apelekwe kwa daktari wa mifupa. Goti si la kuchezea katika umri wake. Nijulishe kama anaweza kusafiri na goti hilo.

Barua yako ilinifikia na mambo yote nimeyaona. Nipo katika maandalizi ya kuja. Kikao hiki kikiisha tu nitaomba ruhusa. Mwambie wakili asiharakishe mambo, vijana wa sheria siku hizi wana papara. Wenzako wasalimie sana, hasa Mzee Vifungo.

Wako katika undugu,
Mdogo wako.


23 Machi

Mdogo wangu,

Umelitaja goti la mama mara tatu katika ukurasa mmoja. Goti ni zima kuliko jana. Goti halijui kama baraza lilipitisha au halikupitisha.

Sikukuuliza ili nikuaibishe. Mimi nakujua. Najua ulivyokuwa unajibu mwalimu swali ambalo hakuuliza. Kama ulisema tu, basi ulisema tu, uongo wako utatuweka mjini, na utakuwa uongo wa kwanza wa mwanasiasa uliomfaa mtu. Lakini njoo uutamke kwa mdomo wako.

Ijumaa hii orodha inafungwa. Wakili alikuja kibandani leo akasimama karibu na cherehani mpaka nikaacha kushona. Ana fomu ya wito, imejazwa tayari, inasubiri neno langu. Alisema, "Mama, wito si tusi. Unamkinga hata yeye, atawaambia wakubwa zake alilazimishwa." Nikamtazama Mzee Vifungo, naye akajifanya anatafuta sindano. Nikasema hapana. Nimewaambia mdogo wangu yuko njiani.

Barua hii naipeleka kwa dereva wa basi anayemfahamu shemeji yako. Kesho jioni itakuwa mkononi mwako. Huhitaji kuijibu. Panda gari uje.

Dada yako.


17 Aprili

Dada,

Natumaini barua hii inakukuta salama wewe, shemeji na mama. Sisi tunaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu.

Nimesikitika kwamba mambo yalipishana. Nilipojipanga kuja, nikaarifiwa kuwa orodha ya mashahidi imefungwa. Utaratibu wa mahakama ni utaratibu, dada yangu, na mimi ndiye mtu wa mwisho anayeweza kuuvunja. Jaji akienda kubisha mlango uliofungwa kisheria, hata ningekuwa na nia njema namna gani, ingesemwa natumia cheo kumsaidia dada yangu.

Hata hivyo sikukaa bure. Nimezungumza na rafiki mmoja mwenye jengo pale kwenye barabara kuu. Yuko tayari kukupa chumba cha mbele, chenye kioo kikubwa, nguo zako zionekane kutoka nje. Chumba ni cha mtu mmoja, lakini kwa kipaji chako unastahili. Haya mambo ya safu, dada, wewe ulishayapita zamani. Wewe ni fundi wa peke yake.

Fikiria. Mama mwambie nitakuja mambo yakitulia.

Mdogo wako.


9 Juni

Mheshimiwa Jaji,

Sisi wazima. Mama mzima. Lori limepona. Hizo ndizo salamu.

Hukumu imesomwa juzi. Chumba cha mahakama chetu ni kidogo, feni moja, na dirisha linalofungwa kwa waya. Mafundi wote walikuja, wameacha kazi za watu mezani. Hakimu alisoma taratibu. Alipofika kwako alivua miwani. Akasema diwani anayetajwa yu hai, ana anuani inayojulikana na nchi nzima, na wadai hawakumleta. Akasema mahakama haiwezi kujenga juu ya neno la mtu ambaye wenyewe hawakutaka asikilizwe.

Wenyewe hawakutaka. Wenzangu waligeuka wakanitazama. Hakuna aliyenitukana. Tulipotoka nje Mzee Vifungo akaniambia polepole, kama anayenipa pole, "Kikulacho ki nguoni mwako, dada fundi." Tangu siku hiyo salamu zangu zinaitikiwa na cherehani. Nikiomba mkasi wananipa, lakini wanauweka mezani, hawanipi mkononi.

Umesema mambo yalipishana. Mambo hayakupishana. Tarehe nilikuandikia mimi mwenyewe, Februari, kwa herufi kubwa kuliko nyingine. Machi dereva alikukabidhi barua mlangoni kwako, na wifi akampa maji ya kunywa. Kazi yako, mdogo wangu, ni kuwaambia watu kila siku kwamba muda umepita. Hakuna mtu katika ukoo huu anayejua kama wewe jinsi tarehe inavyoua. Hukusema ndiyo, hukusema hapana. Ulinishika mkono ukanivusha tarehe kama mtu anayemvusha kipofu barabara, halafu ukaniachia.

Na zile Jumamosi, na meza ya pasi, na "wewe umeniita inatosha". Ulinivisha kilemba cha ukoka na mimi nikatembea nacho kifua mbele, nikawasimamia watu wazima kuwakemea. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Si kwamba uliogopa. Ungeandika "Dada, naogopa," ningekasirika siku mbili, ya tatu ningemwambia wakili alete karatasi yake, na ungekuja kwa lazima bila wa kukulaumu. Uliona ni heri nipoteze mimi pamoja na safu nzima, kuliko uulizwe swali moja mbele ya watu.

Chumba cha kioo mpe mwingine. Nikikaa humo mafundi wenzangu wakipita nje watafikiri niliwauza.

Dada yako, bado.


14 Julai

Dada yangu mpendwa,

Barua yako imeniumiza sana, lakini sina kinyongo. Hasira ya dada ni ya kupita.

Naandika kukupa habari njema kabla hujazisikia redioni. Nimethibitishwa. Sasa mimi ni jaji kamili. Na nikwambie kitu ili moyo wako utulie: kamati haikuuliza neno hata moja kuhusu safu yenu. Walikuwa wanajua. Mmoja alinitania kwenye chai kwamba nilikuwa diwani wa nguzo. Wakacheka, tukaendelea na mengine. Kwa hiyo unaona, halikuwa jambo kubwa kama tulivyolifanya.

Kuhusu swali lako, sioni faida ya kuchimbua. Siasa ina lugha yake. Siku za uchaguzi mtu husema baraza limepitisha akimaanisha litapitisha. Kila mtu anaelewa hivyo. Wewe mwenyewe ulikuwa unapiga makofi.

Kuapishwa ni mwisho wa mwezi ujao. Familia inakaa mstari wa mbele. Nimeandaa hotuba, na humo nitaitaja meza yako ya pasi, ukumbi mzima usikie. Nitaleta gari lije liwachukue wewe na mama. Shona nguo nzuri. Yaliyopita si ndwele.

Mdogo wako akupendaye.


2 Oktoba

Mdogo wangu,

Salamu. Gari lako lilikuja, dereva ana adabu. Nilimpa chai nikamrudisha. Mama alivaa, akakaa kitandani na mkoba wake mapajani, halafu akasema goti limekataa. Goti lilikuwa zima. Mimi sikumuuliza.

Nimesikia hotuba yako redioni. Watu walipiga makofi uliposimulia nilivyokuwa nakukonyeza. Wakati huo huo sisi tulikuwa tunang'oa mabati. Trekta lilikuja baadaye kwa nguzo. Kila fundi alimsaidia mwenzake kubeba cherehani mpaka barabarani. Changu nilikibeba peke yangu, kichwa cha cherehani juu ya meza yake, meza begani, na hakuna aliyenyoosha mkono. Sikuwalaumu. Sasa nashonea sebuleni, mama anahesabu kelele za pedali na kulalamika.

Uliniambia kamati haikuuliza, ili moyo utulie. Haukutulia. Nilikaa siku nyingi nikiwaza: basi ulikuwa unaogopa nini? Tulivunjiwa safu kwa sababu ya swali ambalo wakubwa zako walilijua na kulichekea kwenye chai. Ungekuja ukalijibu, tungekuwa tumekaa kwetu, na wewe ungethibitishwa vile vile. Hukutuuza hata kwa bei. Ulitutupa tu.

Basi nikaenda kwa wakili. Nilikwenda peke yangu, na sikumwandikia mtu kwanza. Nikamuuliza kama kuna mlango wowote. Akasema upo mmoja mwembamba: rufaa, na ombi la kuongeza shahidi aliyekosekana, ikielezwa kwa kiapo kwa nini alikosekana. Nikala kiapo. Nimesema ni mimi niliyezuia asiitwe, nimesema ni mdogo wangu wa tumbo moja, nimesema aliniahidi. Yale ya siku ya kigoda sikuyapamba wala kuyapunguza. Mzee Vifungo alinisindikiza mpaka mlangoni pa ofisi.

Ombi limekubaliwa jana. Kesi itasikilizwa hapo hapo kwenye jengo lenu, ghorofa iliyo chini yako, mbele ya wenzako. Wakili anasema tunaweza tukashindwa tena, na nimekubali. Jumatatu mtu atabisha ofisini kwako na hati ya wito. Usimkaripie, hana kosa. Mimi ndiye niliyemtuma.

Sikutaka mama aisikie habari hii redioni, nikamweleza mwenyewe. Akauliza, "Na huko atakaa wapi? Kule juu wanakokaa majaji?"

Nikamwambia, "Hapana, mama. Safari hii atasimama."

Dada yako.